Uzamivu wa programu katika biolojia: namna ya kuupanga tangu ombi hadi utetezi

Katika uzamivu wa programu, yaani masomo ya PhD yenye utaratibu wa pamoja, unapokelewa na shule ya uzamivu. Hiyo ni jumuiya ya maabara zenye kanuni za pamoja: kozi, miezi ya kupitia maabara mbalimbali, kamati ya watu watatu hadi watano, ripoti zenye tarehe na muda wa kumaliza unaojulikana mapema. EMBL, taasisi ya Ulaya ya biolojia ya molekuli, ilianzisha programu yake mwaka 1983. Wellcome Trust ya Uingereza ikaanza kufadhili uzamivu wa miaka minne mwaka 1994, na shule za kimataifa za Max Planck nchini Ujerumani zikaanza mwaka 2000. Marekani, ambako kozi na mtihani wa kufuzu ni vya siku nyingi, safari huchukua miaka mitano hadi sita na mtu anaweza kuingia na shahada ya kwanza. Ulaya mara nyingi hutakiwa kuwa na shahada ya umahiri kwanza, na mkataba huwa wa miaka mitatu au minne.

Mpangilio huo haukufanyii utafiti. Unakupa tarehe, na unakupa watu wanaolazimika kukusikiliza. Karibu kila kinachoharibika kwenye uzamivu wa biolojia kilianza kuonekana miezi mingi kabla, na anayezitumia tarehe na watu hao mapema hupata muda wa kugeuza usukani.

Kabla ya kuomba

Anza na fedha. Uliza kwa maandishi: posho inalipwa kwa miaka mingapi, ada inalipwa na nani, kuna wajibu wa kufundisha kwa saa ngapi kwa wiki, na nini hutokea mkataba ukiisha tasnifu ikiwa bado. Kisha uliza wanafunzi waliopita walichukua muda gani kumaliza. Mkataba ukiwa wa miaka mitatu na wenzako wakawa wanamaliza kwa minne na nusu, kuna mwaka mmoja na nusu usio na mlipaji, na ni bora ujue hilo leo.

Baada ya fedha, tazama msimamizi. Soma makala za maabara yake za miaka mitano iliyopita, uone waandishi wa kwanza ni akina nani. Wakiwa wote ni watafiti waliokwisha kupata uzamivu, jiulize wanafunzi walikwenda wapi. Waandikie wawili au watatu waliowahi kuwa hapo, akiwemo mmoja aliyeondoka kabla ya kumaliza ukimpata. Swali linalofungua mambo ni hili: mara ya mwisho mwanafunzi alipokwama kwa miezi sita, msimamizi alifanya nini? Jibu la "tulikaa naye tukabadili mwelekeo" na jibu la "aliacha kumjibu barua pepe" ni maabara mbili tofauti kabisa.

Barua yako ya kwanza kwa msimamizi isizidi maneno 200. Taja makala yake moja, swali moja ulilolipata humo, na kazi moja uliyoifanya kwa mikono yako. Kwenye ombi lenyewe, wasomaji hutafuta kama unajua kwa nini ulifanya jaribio lile na si jingine. Orodha ndefu ya mbinu haiwaambii hilo. Wape watakaokuandikia barua za mapendekezo wiki nne kamili, pamoja na wasifu wako na maelezo mafupi ya kazi mliyofanya pamoja. Barua ya haraka hutoka ya jumla, na barua ya jumla haikusaidii.

Miezi ya kupitia maabara

Programu nyingi hukuzungusha kwenye maabara mbili au tatu, wiki 6 hadi 12 kila moja, kabla hujachagua. Wengi hutumia muda huo kutafuta matokeo ya kuvutia. Hayapatikani kwa wiki nane, na wala si lengo. Omba swali dogo linaloweza kujibiwa kwa vifaa vilivyopo, kisha tumia macho yako.

Fungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Angalia masanduku: yana jina, tarehe, na ramani inayoonyesha kila kichupa kilipo? Au utakuta vichupa vimeandikwa 1 hadi 24 kwa wino uliofifia, na aliyeviandika alihama miaka mitatu iliyopita? Ukijiunga na maabara hiyo, vichupa hivyo ndivyo vitakavyokuwa msingi wa tasnifu yako. Hudhuria mikutano ya kila wiki usikilize mtu anapoleta jaribio lililoshindwa. Wenzake wakimuuliza kuhusu makundi ya udhibiti, yaani yale ya kulinganishia, hapo pana afya. Kimya kikitanda na msimamizi akauliza tu "utalirudia lini?", ujue matokeo hasi hapo yatafichwa, na yakwako pia.

Mradi wa kusimama kwa miguu miwili

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na ndipo watu wanapopitia mbio.

"Kuchunguza nafasi ya protini fulani kwenye mgawanyiko wa seli" ni mada. Swali lina majibu yanayoweza kupingana. Andika kwenye karatasi matokeo yote unayoweza kuyapata kwa kila jaribio kuu: panda, shuka, hakuna mabadiliko. Mbele ya kila moja andika sentensi ambayo ungeiandika kwenye makala. Tokeo moja likikuacha bila la kuandika, jaribio halijakamilika kupangwa. Mara nyingi tokeo hilo ni "hakuna mabadiliko", na dawa yake ni kuongeza udhibiti chanya, yaani kitu unachojua kitabadilisha seli, ili ukikuta hakuna mabadiliko uweze kusema kwa uhakika kwamba kipimo chako kilikuwa kinafanya kazi.

Gawa mradi mara mbili. Mguu mmoja uwe wa uhakika, kazi itakayoleta data za kuaminika ndani ya miezi 12 hata kama hazishangazi. Mwingine uwe wa hatari, ule unaokunyima usingizi kwa hamu. Kosa la kawaida ni kupanga malengo kama mnyororo: lengo la kwanza ni kutengeneza panya asiye na jeni fulani, la pili ni kupima ubongo wake, la tatu ni kumtibu. Jeni ikiwa ni ya lazima, vijusi vinakufa kabla ya kuzaliwa, na malengo yote matatu yanakufa navyo. Aliyeliona hilo mapema angepanga kufuta jeni kwenye tishu moja tu kwa mfumo wa Cre-lox, au angeanza na seli zilizokuzwa kwenye sahani wakati panya wanazalishwa.

Chagua kiumbe ukiwa na kalenda mkononi. Bakteria E. koli hugawanyika kwa takriban dakika 20 ikiwa kwenye chakula kizuri, hamira kwa dakika 90. Mnyoo C. elegans humaliza kizazi kwa siku tatu hivi kwenye nyuzi 20, nzi wa matunda kwa siku 10 kwenye nyuzi 25. Mmea wa Arabidopsis huhitaji wiki sita hadi nane, samaki pundamilia miezi mitatu hivi. Panya hubeba mimba siku 19 hadi 21, na huwa tayari kupandishwa akiwa na wiki sita hadi nane.

Sasa fanya hesabu. Tuseme unataka panya wasio na jeni mbili, na unawapandisha wazazi wenye nakala moja iliyoharibiwa ya kila jeni. Jeni hizo zikiwa kwenye kromosomu tofauti, mtoto mmoja kati ya 16 ndiye utakayemtaka. Ukihitaji 17 tu, lazima wazaliwe kama 272. Kwa wastani wa watoto saba kila uzazi, hiyo ni mizao 39. Ukitaka madume peke yake, zidisha kwa mbili. Hesabu hii huchukua dakika tano na imewahi kuokoa miaka mizima. Ifanye kabla ya kuahidi chochote kwenye pendekezo.

Vibali viombwe mwezi wako wa kwanza

Majaribio ya wanyama, sampuli za binadamu, viumbe waliobadilishwa jeni, ukusanyaji wa vielelezo porini: kila kimoja kina kibali chake, na vibali huchukua miezi. Kamati za wanyama hupima ombi kwa kanuni tatu zilizotolewa na wanasayansi Russell na Burch mwaka 1959: badilisha mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, punguza idadi, punguza maumivu. Andika ombi lako kwa mpangilio huo huo. Ukileta sampuli za viumbe kutoka nchi nyingine, angalia Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inayotaka ridhaa ya nchi yenye rasilimali na mgawanyo wa manufaa. Vifaa kutoka maabara nyingine navyo vina makubaliano ya uhamisho yanayotiwa saini na ofisi za taasisi, wala si na wewe. Sampuli zilizokusanywa bila kibali haziponywi na kibali cha baadaye, na majarida huuliza namba yake.

Idadi na marudio

Zungumza na mtakwimu kabla ya jaribio. Ukimfuata baada ya jaribio, mara nyingi anachoweza ni kukueleza limekufa kwa ugonjwa gani. Kwa kulinganisha makundi mawili kwa jaribio la t la pande mbili (hesabu ya takwimu ya kulinganisha wastani), ukitaka nguvu ya asilimia 80 (nafasi ya kuiona tofauti iliyopo) na kiwango cha asilimia 5 (nafasi ya kuona tofauti isiyokuwepo), unahitaji vipimo 17 kwa kila kundi ili kuona tofauti inayolingana na mkengeuko sanifu mmoja. Tofauti ikiwa nusu ya hapo, unahitaji 64. Vipimo vitatu kwa kila kundi, idadi inayopendwa sana maabara, hutosha tu kwa tofauti kubwa mno.

Halafu ujue unahesabu nini. Visima vitatu vya sahani moja, vyenye seli za chupa moja, zilizowekwa dawa kwa wakati mmoja, ni kipimo kimoja kilichorudiwa mara tatu. Watoto kumi wa mama mmoja si panya kumi huru. Mtafiti Hurlbert aliueleza ugonjwa huu wa kuhesabu marudio yasiyo huru kwa wanaikolojia wenzake mwaka 1984, na bado unaua makala. Panga pia mahali na siku. Ukiweka kundi la dawa Jumatatu na la udhibiti Alhamisi, hutaweza kutofautisha dawa na siku. Changanya makundi yote kwenye kila sahani na kila siku, na anayehesabu chini ya hadubini asijue kipi ni kipi.

Maambukizi yasiyoonekana

Wanaofanya kazi na seli wakumbuke mikoplasma. Bakteria hawa hawana ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haiwagusi. Hawachafui maji ya kukuzia seli kama bakteria wengine wanavyofanya, na hadubini ya kawaida haiwaonyeshi. Seli huendelea kukua huku usomaji wa jeni zake umebadilika. Pima seli siku zinapofika, zikiwa zimetengwa, kisha kila mwezi. Pia thibitisha utambulisho wake kwa alama za DNA, maana seli za HeLa, seli za saratani ya binadamu zinazokuzwa tangu 1951, zimeingia kwenye mistari mingi ya seli iliyodhaniwa ni ya kitu kingine.

Wiki ya kwanza gandisha vichupa kumi vya kizazi cha mwanzo. Tumia maji yenye asilimia 10 ya DMSO, kemikali inayokinga seli zisiharibiwe na barafu, shusha joto kwa takriban nyuzi moja kila dakika, kisha hamishia kwenye naitrojeni ya kimiminika. Yeyusha kimoja baada ya wiki uone kama seli zinaamka. Hifadhi ambayo haijajaribiwa si hifadhi.

Kingamwili mpya, protini unayoitumia kunasa na kuonyesha protini nyingine, nayo ijaribiwe kwenye seli zisizo na protini inayolengwa. Mstari wa kuonyesha protini ukionekana bado kwenye kipimo, kingamwili hiyo inashika kitu kingine, hata kama tangazo la muuzaji linasema vingine.

Daftari na data

Kila ukurasa uwe na tarehe, swali, namba ya toleo la kemikali, umri wa seli, na mahali faili ghafi ilipo. Andika siku ileile. Faili ghafi haiguswi kamwe: mabadiliko yote yafanywe kwa nakala, na ikiwezekana kwa msimbo wa lugha za kompyuta za R au Python ambao mtu mwingine anaweza kuuendesha. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo.

Tahadhari na lahajedwali. Jeni iliyoitwa SEPT2 ikifunguliwa kwenye Excel hugeuka kuwa tarehe 2 Septemba, na MARCH1 huwa tarehe 1 Machi. Mara nyingi hugeuka kimyakimya, na ukihifadhi faili jina la awali limepotea. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta takriban moja ya tano ya makala zilizoambatisha orodha za jeni kwenye Excel zina makosa ya aina hii. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ilitangaza majina mapya, SEPTIN2 na MARCHF1, lakini faili za zamani bado zinazunguka. Ingiza safu ya majina kama maandishi, au usitumie lahajedwali kabisa kwa orodha hizo.

Kozi na mtihani wa kufuzu

Chukua takwimu na uandishi wa programu za kompyuta mwaka wa kwanza, kabla data hazijaja. Kozi nyingine zichaguliwe kwa kuangalia sura gani ya tasnifu inazihitaji.

Mtihani wa kufuzu hautafuti kumbukumbu. Wajumbe hukusukuma hadi mpaka wa unachojua ili waone unafanya nini ukifika hapo. Chukua makala kumi zilizo msingi wa mradi wako, na kwa kila moja chora kielelezo kikuu ubaoni bila kutazama: mhimili huu ni nini, udhibiti uko wapi, maelezo mbadala ni yapi. Ukikwama kwenye mtihani, sema "sijui, lakini ningejaribu hivi", kisha utaje jaribio. Kubuni jibu ndiko kunakoangusha.

Kamati

Kutana nayo ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka, na kila miezi sita ukiwa unakaribia mwisho. Tuma ripoti ya kurasa tano wiki moja kabla. Anza na ulichoambiwa mkutano uliopita na ulichokifanya. Tenga slaidi moja kwa kilichoshindwa, mapema, kabla hawajachoka. Wengi huificha mwishoni, na muda huisha wakati ndiyo pekee iliyohitaji vichwa vitano.

Uliza swali la moja kwa moja: niache nini? Wajumbe ni wepisi wa kuongeza majaribio, na bila swali hilo utatoka na orodha ya miaka miwili. Programu nyingi zina dakika chache za wewe na kamati msimamizi akiwa nje. Zitumie hata kama hali ni nzuri, ili siku ikiwa mbaya isionekane kuwa umeanza leo. Ndani ya siku mbili andika muhtasari wa yaliyokubaliwa, uwatumie wote. Ukija kuambiwa mwaka wa nne kwamba sura fulani ilitakiwa, una maandishi.

Uhusiano na msimamizi ukiharibika, hatua ni hizi kwa mpangilio: mazungumzo yenye muhtasari wa maandishi, mjumbe mmoja wa kamati unayemwamini, mratibu wa programu, kisha mpatanishi rasmi wa taasisi. Kuhama maabara mwaka wa kwanza hugharimu miezi. Mwaka wa tatu hugharimu mradi mzima. Usisubiri.

Kuandika na kutetea

Andika mbinu wakati unazifanya. Mwanzoni mwa mwaka wa tatu peleka kwa kamati mchoro wa tasnifu: vichwa vya sura na vielelezo vilivyopangwa, pamoja na visanduku vitupu pale data zinapokosekana. Visanduku hivyo ndivyo orodha yako ya kazi, na jaribio lisilojaza kisanduku linasubiri.

Soma kanuni za programu mapema: tasnifu ya kitabu kimoja, au ya makala zilizounganishwa? Ikitakiwa makala iliyokubaliwa, ipeleke jaridani mwaka mmoja kabla ya mkataba kuisha, kwa sababu uhakiki, majaribio ya nyongeza na uhakiki wa pili hula miezi. Nakala ya awali kwenye bioRxiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za biolojia ambazo bado hazijahakikiwa, iliyopo tangu 2013, hukupa tarehe ya hadharani wakati unasubiri. Elewaneni kuhusu mpangilio wa majina kabla ya rasimu ya kwanza, kwa maandishi.

Tenga miezi minne hadi sita ya kuandika, na weka tarehe ya jaribio la mwisho. Ikifika, vua koti la maabara. "Jaribio moja tu zaidi" ndilo linalokula mwezi wa mwisho wenye posho.

Taratibu za utetezi hutofautiana. Kwa kawaida unawasilisha kwa dakika 30 hadi 45, kisha maswali ya saa moja au mbili. Chapisha tasnifu, bandika alama kwenye kila kielelezo, na kwa kila kimoja andika udhaifu wake mkubwa na jaribio ambalo lingeuondoa. Maswali mengi yatatoka humo.

Marekebisho yakikubaliwa, bado kuna wiki moja ya kazi. Weka data ghafi na msimbo kwenye hifadhi ya umma yenye namba ya kudumu. Rudi kwenye friza, tupa usivyovijua, na kwa vinavyobaki andika rafu, sanduku, nafasi, kilichomo, na ukurasa wa daftari kilikotengenezwa. Mpe nakala moja ya orodha hiyo msimamizi, na nyingine mwanafunzi anayeanza.